Je, Wajua? Nukta Sita, Mikono Inayosema na Vijana wa Sekondari

Sogea kidogo hapo kwenye benchi, msomaji. Leo tunachungulia darasa ambalo huenda hukuwahi kulichungulia: la elimu maalumu, la vijana wa umri wa sekondari. Shika daftari, maana utataka kuwasimulia wenzako.

Wajua kuwa maandishi yanayosomwa kwa vidole na wasioona dunia nzima yalibuniwa na mwanafunzi wa miaka 15? Ndiyo, umri wa kidato cha pili au cha tatu! Louis Braille, Mfaransa, alijichoma jicho akiwa na miaka 3 tu, akichezea msharasi wa kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Maambukizi yakahamia jicho la pili, akapofuka kabisa. Mwaka 1824 mfumo wake ulikuwa umeshasimama, na chombo alichokuwa akitobolea karatasi nacho kilikuwa cha ncha kali, ndugu ya ule msharasi.

Na hiki je? Kabla yake ofisa mmoja wa jeshi, Charles Barbier, alikuwa na mfumo wa nukta 12 kwa kila alama. Nukta 12 hazienei chini ya ncha ya kidole. Kijana akakata nusu, zikabaki 6, na mpaka leo ni 6.

Nukta hizo 6 zinatoa michanganyiko 63. Herufi, tarakimu, alama za hesabu na hata noti za muziki, vyote vinatoka humo. Kwa Kiswahili tunaziita nukta nundu, na hebu niambie kama kuna lugha yenye jina tamu kuliko hilo: nundu ileile ya ng'ombe, imekaa juu ya karatasi.

Shule ya Paris aliyosomea na kufundishia Braille ilichelewa kuukubali rasmi mfumo wake. Yeye alifariki mwaka 1852, shule ikakubali mwaka 1854. Miaka miwili tu, jamani!

Umewahi kumwona mwanafunzi asiyeona akiandika kwa kibao chenye vitundu na kijisumari cha kudungia? Basi jua kwamba anaandika kutoka kulia kwenda kushoto. Anatoboa mgongo wa karatasi, kwa hiyo kila herufi anaitengeneza ikiwa imegeuzwa, kisha anapindua ukurasa na kusoma kushoto kwenda kulia kama wewe. Jaribu kuandika jina lako kinyumenyume hivyo, tuone utatumia dakika ngapi.

Mashine ya nukta nundu unayoisikia ikigonga katika shule zetu ina vitufe 6 tu vya kuandikia, kimoja kwa kila nukta, pamoja na kitufe cha nafasi. Herufi nzima hugongwa mara moja, kama mpiga kinanda anavyokandamiza vitufe kadhaa kwa pamoja. Ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ina uzito unaokaribia kilo 5, na inasukumwa na mkono bila kuhitaji umeme.

Hesabu nayo? Abraham Nemeth wa New York alizaliwa haoni, akashauriwa aachane na hisabati kwa kuwa haimfai mtu asiyeona. Akasoma saikolojia kwanza, roho ikakataa, akairudia hisabati. Mwaka 1952 alitoa mfumo wa kuandika hisabati ya juu kwa nukta nundu, kisha akafundisha somo hilo chuo kikuu huko Detroit kwa miaka 30.

Hapa kwetu Tanzania, mtahiniwa asiyeona huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika mtihani wa Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Piga hesabu: mtihani wa Hisabati wa saa 3 wa kidato cha nne unakuwa wa saa 4. Usimwonee wivu. Saa 4 za kusoma grafu kwa vidole si mchezo.

Halafu kuna somo ambalo wewe hukulisoma kabisa: somo la kutembea. Mwanafunzi wa fimbo nyeupe hufundishwa kwamba mguu wa kulia unapotangulia, ncha ya fimbo iguse kushoto, na wa kushoto unapotangulia, iguse kulia. Fimbo inakagua mahali mguu unapokwenda kukanyaga hatua inayofuata! Aliyeipanga mbinu hiyo miaka ya 1940, Richard Hoover, aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya wasioona huko Maryland, Marekani.

Simama, jaribu hapo ulipo, hata kwa mwiko wa jikoni. Hatua 10 tu, macho umeyafumba. Umeona?

Na michezo ipo. Goliboli huchezwa na watu 3 kila upande, mpira una kengele ndani na uzito wa kilo 1.25, na mistari ya uwanja ina kamba chini ya utepe ili mchezaji aipapase. Wote hufungwa macho, hata anayeona kidogo, wawe sawa. Watazamaji nao lazima wanyamaze kimya mpira ukiwa mchezoni, wapige makelele baada ya bao!

Tanzania, takriban mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Wanafunzi wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, lakini wanaweza kusoma maandishi ya kawaida yaliyokuzwa. Kiti cha mbele, kivuli na darubini ndogo ya mkononi ya kuonea ubao vinaweza kumtoa kijana mkiani na kumweka katika kumi bora. Vitu vidogo hivyo! Inaniuma kila nikikumbuka ni wangapi wamevikosa.

Twende kwa viziwi sasa, maana huko ndiko kuna hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Hebu sikiliza. Hadi miaka ya 1970, viziwi wa Nicaragua hawakuwa na lugha ya alama ya pamoja. Kila mtoto alikuwa na ishara zake za nyumbani. Mwaka 1977 ikafunguliwa shule ya elimu maalumu katika jiji la Managua, na mwaka 1980 chuo cha ufundi kwa vijana wakubwa. Walimu wakakazana kuwafundisha kusoma midomo kwa Kihispania, na wanafunzi wengi wakatoka kapa. Lakini uwanjani na ndani ya basi la shule mikono ilikuwa haitulii: huyu anatoa ishara ya kwao, yule anaipokea, wa tatu anaiboresha. Ndani ya miaka michache walikuwa wameunda lugha mpya kabisa, ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha! Mwaka 1986 wizara ikamwita mwanaisimu kutoka Marekani, Judy Kegl, aje awaeleze walimu watoto wanasema nini. Na bado kuna la ajabu zaidi: wadogo waliojiunga baadaye ndio walioikomaza sarufi yake, wakawapita kaka na dada zao waliotangulia. Wataalamu wa lugha wamekuwa wakienda Managua kujifunza kutoka kwa wanafunzi tangu siku hizo.

Wajua kuwa kiziwi wa London na kiziwi wa New York hawaelewani, ingawa majirani zao wote wanaongea Kiingereza? Alfabeti ya vidole ya Uingereza hutumia mikono miwili, ya Marekani mkono mmoja. Lugha ya alama ya Marekani ina undugu zaidi na ya Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, alishiriki kuanzisha shule ya viziwi ya Hartford mwaka 1817.

Hili litakukasirisha kidogo. Mwaka 1880 wajumbe 164 walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kuongea tu, lugha za alama ziachwe. Kati ya hao 164, kiziwi alikuwa 1. Shule nyingi za Ulaya na Marekani zikaanza kuwaadhibu wanafunzi waliokutwa wakizungumza kwa mikono, na kongamano la fani hiyohiyo lilikuja kulikana azimio lile mwaka 2010. Miaka 130!

Andrew Foster alipoteza usikivu akiwa na miaka 11 huko Alabama. Mwaka 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, na mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi Ghana. Alipofariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda, Desemba 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Mtu mmoja huyo!

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaja lugha ya alama. Kenya wakaenda mbali zaidi: Katiba ya mwaka 2010 inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na lugha ishara ya Kenya. Kwa hiyo kile anachosoma mwanafunzi kiziwi darasani Kenya ni lugha ya bungeni, kaka yangu, dada yangu. Hata kwenye mtihani wa kumaliza sekondari wanaitahini.

Shule zenyewe zina umri. Ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na sekondari yake ikafuata mwaka 1967. Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Ukikutana na mwalimu wa elimu maalumu Tanzania, muulize kama amepita Chuo cha Patandi, Arusha. Wengi watakujibu ndiyo huku wakitabasamu.

Kuna ulemavu usioonekana kwa macho pia. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy: akili timamu, hesabu anaziweza, lakini maneno yaliyoandikwa hayamkai kabisa. Mwalimu wake alisema kijana huyo angeongoza shule nzima kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu. Leo hali hiyo tunaiita disleksia, na nina hakika ulisoma darasa moja na Percy wako. Mlimwita mzito, sivyo?

Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji, hakuongea mpaka alipokaribia miaka 4. Akiwa sekondari ya bweni mwalimu wa sayansi alimshika mkono, na kwenye miaka 18 akabuni mashine ya kumkumbatia na kumtuliza, baada ya kuona ng'ombe wakitulia wanapobanwa ili wachanjwe. Baadaye akawa profesa, bingwa wa kubuni mazizi na njia za kupitishia mifugo bila kuitia hofu.

Marekani ilipopitisha sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu, Novemba 1975, zaidi ya watoto milioni 1 walikuwa nje ya shule kabisa. Leo kila mmoja ana mpango wake wa masomo ulioandikwa, na haki hiyo inaweza kumfikisha miaka 21. Akifikisha 16 mpango lazima uzungumzie maisha baada ya shule, na kwenye kikao hicho kijana mwenyewe ni lazima aalikwe. Fikiria uliitwa wewe, kidato cha tatu, ukaulizwa mbele ya mkuu wa shule unataka maisha gani!

Judith Heumann alikataliwa na shule New York akiwa na miaka 5, kwa madai kwamba kiti chake cha magurudumu kingekuwa hatari moto ukizuka. Mwaka 1970 akaingia darasani kama mwalimu, baada ya kwenda mahakamani. Na mwaka 1993 akapewa cheo katika wizara ya elimu ya Marekani. Idara alizozisimamia? Elimu maalumu ilikuwamo!

Moja la mwisho, na hili ni letu. Wajua kuwa Braille alipopanga alfabeti yake aliiruka herufi W? Kifaransa cha wakati wake hakikuwa na haja nayo, ikaja kuongezwa baadaye kwa ajili ya Kiingereza. Ndiyo maana haifuati mpangilio wa jirani zake, na ukiitazama vizuri ni R iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Sasa jaribu kuandika "wanafunzi wetu wawili" bila W. Hata jina la safu hii lingebaki "Je, ajua?"