Ndege Aliyefuata Nafaka

Leo tutasoma habari za ndege mmoja wa jamaa ya tetere. Rangi yake ni kijivujivu, na nyuma ya shingo ana mstari mweusi kama ukosi wa shati.

Mwaka 1900 ndege huyu alikaa Asia. Katika Ulaya alionekana upande wa Uturuki na nchi za Balkani tu. Kisha akaanza kuhamia kaskazini-magharibi, nchi baada ya nchi. Mwaka 1955 alikwisha kuvuka bahari, akajenga kiota Norfolk, Uingereza. Hakupelekwa na mtu, aliruka mwenyewe.

Aliwezaje? Kwanza, hutaga mayai mawili tu, lakini hulea vifaranga mara tatu au zaidi kwa mwaka. Pili, vifaranga wakikua, baadhi yao huenda mbali kutafuta makao. Tatu, na hili ndilo kubwa, hukaa karibu na watu. Hula nafaka iliyomwagika ghalani na chakula cha kuku uani.

Kwenda Marekani, alisaidiwa na watu. Mwaka 1974 ndege wasiofika 50 walitoroka tunduni mjini Nassau, visiwa vya Bahama. Wazao wao wakavuka mpaka Florida, na leo wameenea karibu Marekani yote.

Basi kumbukeni: ndege mgeni haingii uani kwa nguvu. Sisi wenyewe humwandalia chakula bila kujua. Mwenye ghala na azibe nyufa. Mwenye kuku na azoe masalio.

Swali: Ni ndege gani wanaokula pamoja na kuku wako? Andika majina matatu.