Kinachofuata Alama ya Kuuliza

Mtu anapotafuta kitabu kwenye duka la mtandaoni, anwani iliyo juu ya kivinjari huota mkia wa aina hii: /vitabu?mada=historia&ukurasa=2. Kilicho kabla ya alama ya kuuliza hutaja mahali. Kinachofuata ni vigezo, yaani maelezo ya kinachotakiwa mahali hapo. Kila kigezo kina jina na thamani, katikati yake alama ya usawa, na kigezo kimoja hutengwa na kingine kwa &. YouTube hutumia kigezo v kujua ni video ipi ioneshwe.

Seva huvisoma vigezo hivyo, lakini hata JavaScript iliyomo ndani ya ukurasa inaweza kuvisoma yenyewe. Kivinjari huuweka mkia mzima katika window.location.search, pamoja na alama yake ya kuuliza. Kwa miaka mingi waandishi wa programu waliukatakata kwa mkono: kwanza penye &, kisha penye =. Kazi ilionekana nyepesi, na hapo ndipo makosa yalipojificha. Anwani haipokei nafasi tupu, hivyo nafasi huandikwa %20. Fomu za wavuti, kwa desturi yao, huandika +. Amri ya decodeURIComponent hufumbua %20 lakini + huiacha kama ilivyo, na mteja wa Dar es Salaam akajikuta anaishi Dar+es+Salaam.

Siku hizi kazi hiyo ni ya URLSearchParams, iliyomo katika vivinjari vyote vikuu. Chrome iliipata mwaka 2016 na Safari mwaka 2017. Internet Explorer haikuipata kamwe. Mistari miwili inatosha:

const vigezo = new URLSearchParams(window.location.search);
const mada = vigezo.get("mada");

Hapa mada inakuwa "historia". Kigezo kisipokuwepo, get hurudisha null. Kikiwepo bila thamani, hurudisha matini tupu, na hali hizo mbili si kitu kimoja. Jina likijirudia, kama ?rangi=bluu&rangi=nyeusi, get huleta ya kwanza tu. Anayezitaka zote hutumia getAll.

Thamani zote hutoka zikiwa matini, hata zenye sura ya namba. Programu inayochukua ukurasa "2" na kuongeza 1 ili kufika ukurasa unaofuata itajikuta kwenye "21", isipokuwa thamani imegeuzwa kwanza kwa Number.

Namba za simu zina mtego wake. Kiungo chenye ?simu=+255 kikisomwa, alama ya kujumlisha inageuka nafasi tupu. Kosa hapo ni la aliyetengeneza kiungo, si la msomaji: alipaswa kuandika %2B, au kuiachia encodeURIComponent kazi hiyo.

Jambo zito zaidi ni kwamba mkia wa anwani unaweza kuandikwa na yeyote. Mhalifu anaweza kutunga kiungo chenye msimbo ndani ya kigezo, akamtumia mtu kwa ujumbe wa simu. Ukurasa ukiichukua thamani hiyo na kuibandika kwa innerHTML, msimbo wa mgeni unaweza kutekelezwa kwa jina la tovuti yenyewe; textContent huionesha kama maandishi tu. Nenosiri nalo halifai kupitia njia hii, kwa sababu anwani nzima hubaki katika historia ya kivinjari, na mara nyingi katika rekodi za seva pia.