Wanafunzi wa Ethiopia Vijijini

Jirani zetu wa Ethiopia walilitenda zamani jambo ambalo nchi nyingi zimelizungumza tu. Tangu mwaka 1964, Chuo Kikuu cha Addis Ababa, ambacho wakati huo kiliitwa kwa jina la Mfalme Haile Selassie wa Kwanza, kilimtaka kila mwanafunzi atumikie mikoani mwaka mmoja kabla ya kupewa shahada. Wengi walifundisha vijana katika shule za sekondari zilizopungukiwa na walimu, na mtoto wa mjini akauona kwa macho yake umaskini wa wakulima waliomlisha.

Mfalme alipokwisha kupinduliwa, serikali ya kijeshi, mwezi Desemba 1974, iliwatuma vijijini wanafunzi na walimu wapatao 60,000. Walifundisha kusoma na kuandika, kisha wakaieleza sheria ya ardhi ya Machi 1975. Hapo ndipo palipozuka ugomvi. Wanafunzi waliwahimiza wakulima wajitawale. Wenye ardhi na polisi wakawapinga, baadhi yao wakauawa, na wengi wakatoroka kabla kampeni haijakwisha mwaka 1976.

Huduma zote mbili zilikuwa za lazima. Lakini hii ya pili, kwa maoni yetu, ilikuwa na kusudi jingine: kuwaondoa mjini vijana waliokuwa wakidai utawala wa kiraia.