Kwenda si Kusimama: Gari la Kasi Katika Nchi za Theluji

HAPANA shaka wasomaji wetu wengi wa visiwani hawajapata kuiona theluji ila katika picha. Walioikanyaga kwa miguu yao ni wale ndugu waliopelekwa masomoni ng'ambo au waliotumwa kikazi katika nchi za kaskazini, nao wakirudi husimulia zaidi habari za baridi kuliko habari za barabara. Hata hivyo tumeona yafaa leo tuizungumze theluji, kwa sababu imetuzalia gari ambalo sasa linapita katika barabara zetu wenyewe: gari la kasi linalosukumwa na magurudumu yote manne. Vijana wanalipenda kwa mngurumo wake. Baadhi ya maofisa wetu wanalipenda kwa sababu nyingine, nayo ni imani kwamba mwenye gari la namna hiyo amekwisha kujikinga na kila utelezi. Imani hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Tuanze na asili yake. Katika majira ya baridi ya mwaka 1976 kuingia 1977, wahandisi wa kiwanda cha Audi cha Ujerumani walikuwa Ufini wakijaribu magari yao katika theluji. Pamoja nao walikuwa na gari dogo la kijeshi liitwalo Iltis, lenye nguvu za farasi 75 tu, tena la umbo la sanduku. Magari ya fahari, yenye nguvu kubwa zaidi lakini yanayovutwa na magurudumu ya mbele peke yake, yalikuwa yakizungusha matairi pale pale, na hilo sanduku la jeshi likiyapita. Mhandisi mmoja, Jörg Bensinger, akayazingatia aliyoyaona, akapeleka shauri kwa mkubwa wake, Ferdinand Piëch, kwamba mpango ule wa magurudumu manne uwekwe katika gari la kasi la barabarani. Mwezi wa Januari 1978 gari la majaribio lilipelekwa Austria, kwenye mlima wa Turracher Höhe, ambako barabara ina mwinuko wa asilimia 23. Likapanda theluji ile likiwa na matairi ya kawaida ya kiangazi, bila ya minyororo.

Wajerumani hawakuwa wa kwanza katika jambo hili. Uingereza ilitengeneza gari la Jensen FF mwaka 1966, lililokuwa na kasi na magurudumu manne yenye kuendeshwa, lakini yaliyouzwa yalikuwa machache mno. Subaru ya Japani nayo ilianza kuuza magari madogo ya namna hiyo mwaka 1972. Jambo jipya la Audi lilikuwa kuuunganisha mpango huo na injini kali na kulifanya gari liwe jepesi kuliko yale ya shamba na ya jeshi.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo mafundi wetu wa gereji watalielewa upesi. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Mbele na nyuma zikifungwa pamoja kwa shafti moja, basi katika kona ya mkato gari hurukaruka kama punda aliyepigwa mjeledi. Inasimuliwa kuwa mke wa mkuu mmoja wa utafiti alilichukua gari la majaribio mjini Vienna, akarudi akilalamika kwamba linaruka. Malalamiko hayo yalikuwa na maana kuliko ripoti nyingi za ofisini. Dawa yake ilikuwa kuweka difu ya tatu katikati, kati ya mbele na nyuma, nayo wakaipenyeza katika giaboksi kwa kutumia shafti yenye uwazi ndani, ili nguvu zipite njia mbili mahali pamoja. Gari hilo, Audi Quattro, lilionyeshwa Geneva mwezi wa Machi 1980. Lilikuwa na injini ya silinda tano yenye tabo, nguvu za farasi 200, na kufuli za kufunga difu ya kati na ya nyuma pale dereva anapokwama.

Mwaka uliofuata likaingia katika mashindano ya dunia. Katika Rali ya Monte Carlo ya 1981, inayopita milima ya Alps wakati wa baridi, Hannu Mikkola wa Ufini aliwaacha wenzake kwa dakika kadhaa hata akapata ajali iliyomwondoa mbele. Muda mfupi baadaye akashinda Uswidi, juu ya theluji tupu, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa gari la magurudumu manne katika mashindano hayo ya dunia. Mwaka huo huo Michèle Mouton, mwanamke wa Kifaransa, alishinda rali ya Sanremo, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya daraja hiyo. Waliokuwa wakidai kwamba usukani ni kazi ya wanaume walitafuta hoja nyingine. Mwaka 1984 magari matatu ya Audi yalishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu Monte Carlo, dereva wa kwanza akiwa Walter Röhrl.

Lakini msomaji aangalie jambo moja ambalo wenye kuuza magari hawapendi kulitaja. Mwaka 1982 na mwaka 1983 huyo huyo Röhrl alishinda Monte Carlo kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kwanza Opel na kisha Lancia, na Audi ikabaki nyuma yake. Sababu ni kwamba miaka hiyo theluji ilikuwa haba, barabara zilikuwa kavu sehemu kubwa, na pale penye barabara kavu faida ya magurudumu manne ilipungua huku uzito wake ukibaki pale pale. Pua ya Audi ilikuwa nzito, maana injini yote ilikaa mbele ya ekseli ya mbele. Dereva akiingia kona kwa kasi, gari lilipenda kwenda mbele moja kwa moja hata akiukata usukani wote.

Hapo ndipo tunapofika katika kiini cha mazungumzo yetu. Gari linashikana na ardhi kwa viraka vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa kama kiganja cha mkono. Nguvu zote za kuondoka, za kukata kona na za kusimama hupita humo. Magurudumu manne yakigawana nguvu za injini, hapana shaka gari litaondoka na kupanda pale ambapo jingine limekwama. Ama katika kusimama, magari yote ya dunia yana breki katika magurudumu manne. Mwenye fo-wili na asiyekuwa nayo, wakikanyaga breki juu ya barafu, wako sawasawa, na mwenye gari zito hana la kujivunia.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, juu ya lami kavu yenye matairi mazuri, husimama kwa kiasi cha mita 12 tangu breki iliposhika. Juu ya theluji iliyoshindiliwa huhitaji mita 40 hivi. Juu ya barafu laini huhitaji karibu mita 100. Kabla ya hapo kuna sekunde moja ya dereva kutambua na kuinua mguu, na katika sekunde hiyo gari limekwisha kwenda mita 14. Kasi ikiwa maradufu, masafa ya kusimama hayawi maradufu, yanakuwa mara nne. Khatari ya gari la magurudumu manne ni kwamba linamficha dereva hesabu hiyo. Gari la kawaida humwonya mapema: akikanyaga mafuta kidogo tu, tairi linazunguka bure, naye anajua kwamba chini pameteleza. Gari la magurudumu manne huondoka kimya kama liko juu ya lami, likapata kasi ambayo haliwezi kuiondoa. Dereva hupata habari ya barafu kwenye kona ya kwanza.

Madereva wa Ufini na Uswidi, ambao wameishi na jambo hili tangu utotoni, huliendesha gari kwa upole ambao mtazamaji wa mashindano hauoni. Anachokiona ni gari linalokwenda ubavu ubavu huku likirusha theluji. Asichokiona ni kwamba dereva alimaliza kupunguza mwendo zamani, wakati magurudumu bado yamenyooka, kwa sababu tairi haliwezi kufanya kazi mbili kwa ukamilifu kwa wakati mmoja. Likitumika lote kwa breki, haliachi kitu kwa ajili ya kona. Stig Blomqvist wa Uswidi, bingwa wa dunia wa mwaka 1984, alijulikana kwa kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku mguu wa kulia ukiwa bado juu ya mafuta, ufundi alioupata katika magari ya Saab yavutwayo kwa mbele. Breki hiyo ndogo huuhamishia uzito mbele, matairi ya mbele yakapata kuuma, na mkia ukaanza kugeuka. Wapo pia wanaolipindua gari kwanza upande usio wa kona, kisha wakalirudisha, ili bembea ya uzito iligeuze. Haya ni mambo ya uwanjani na ya barabara iliyofungwa; mtu akiyajaribu katika njia ya watu anastahili kunyang'anywa leseni.

Kwa dereva wa kawaida, wanayofundisha watu wa kaskazini ni mepesi zaidi. Aondoke kwa gia ya pili. Mafuta ayakanyage kama kwamba kuna yai chini ya mguu. Mkia ukiteleza, ainue mguu taratibu na aelekeze macho na usukani kule anakotaka kwenda. Auogope zaidi ubaridi ulio karibu na sufuri, kwa maana barafu inayokaribia kuyeyuka ina utando wa maji juu yake na huteleza kuliko barafu ya baridi kali. Aogope madaraja pia, ambayo huganda kabla ya barabara, kwani upepo wa baridi huyapitia juu na chini. Ufini imeyaingiza mafunzo ya utelezi katika masharti ya leseni: mwanafunzi hupelekwa kwenye uwanja uliotelezeshwa makusudi, akaachwa aione nafsi yake ikishindwa kusimama pahali pasipo na mtu wa kugongwa.

Hapa visiwani tutapenda kusikia kwamba wako wanavisiwa ambao barafu ndiyo meli yao. Kisiwa cha Hiiumaa cha Estonia kinatengana na bara kwa bahari, na baridi inapokuwa kali ya kutosha serikali huifungua njia ya magari juu ya bahari iliyoganda, yenye urefu wa kilomita 26 hivi. Sheria zake zinashangaza. Dereva aende chini ya kilomita 25 kwa saa, au kati ya 40 na 70. Mwendo wa katikati umekatazwa, kwa sababu gari huanzisha wimbi katika maji chini ya barafu, na kwa mwendo huo wimbi huweza kukua likaipasua. Kusimama njiani hakuruhusiwi. Magari huachana kwa mita 250, na mikanda haifungwi, ili watu waweze kutoka upesi lolote likitokea. Sisi tunaongoja boti wakati bahari imechafuka tusione kwamba ni peke yetu tunaopangiwa safari na maji.

Na gari lenyewe lilikuja Afrika Mashariki, nalo halikupokewa kwa matarumbeta. Katika Safari Rally ya Kenya, miaka ya 1984, 1985 na 1986 zilishinda Toyota Celica zilizosukumwa kwa magurudumu ya nyuma, kwa kuwa huko ushindi ulitaka uvumilivu katika mawe, vumbi na tope. Audi ilipata ushindi wake mwaka 1987, kwa gari kubwa la Audi 200 na mkono wa Mikkola yule yule, aliyekwisha kushinda Safari mwaka 1972 kwa Ford Escort. Baadaye zikafuata Mitsubishi na Subaru, na kwa kuwa Japani nayo ina usukani wa kulia kama sisi, magari hayo yakikwisha kutumika kwao hupakiwa melini yakaja kwetu.

Hapo tunawaomba maofisa wa usafiri na wakaguzi wa magari waangalie kitu kimoja bandarini. Sehemu za kaskazini ya Japani zina theluji nyingi, na gari lililotumika huko huweza kufika likiwa bado limevaa matairi ya baridi. Mpira wa matairi hayo umefanywa laini makusudi, ili usikauke ubaridi unaposhuka chini ya digrii 7 hivi, ambapo mpira wa kiangazi huanza kuwa mgumu. Katika joto letu mpira huo hulika upesi na husimamisha gari kwa masafa marefu zaidi, hasa mvua ya kwanza ya vuli inapoichanganya lami na mafuta na vumbi. Alama zake ziko ubavuni mwa tairi: mlima wenye vilele vitatu na ndani yake nyota ya theluji. Karibu na hapo pana tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Tairi lililoandikwa 3518 lilitoka kiwandani katika wiki ya 35 ya mwaka 2018.