Taa ya Betri Ikiwaka Njiani
MTANGAZAJI: Msikilizaji wetu, ukibeba abiria kutoka kambini hadi Kampala, taa nyekundu ya betri ikiwaka njiani, usikimbilie Kisekka kununua betri mpya. Mara nyingi taa hiyo husema betri haipati chaji. Simama pembeni, zima injini, tazama mkanda wa alteneta. Umekatika? Usiendelee: katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, na injini itachemka. Mkanda ukiwa mzima, kaza vichwa vya betri, kisha fundi apime. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6, ikinguruma, 13.5 hadi 14.5. Volti zisipopanda, alteneta au nyaya zake zikaguliwe. Fundi asichomoe waya wa betri injini ikinguruma. Anaweza kuunguza vifaa vya umeme. Pima kwanza, ndipo ulipe.