ULIZA KWANZA, ANDIKA BAADAYE

Wasomaji wetu wengi ni wafanyakazi na wanachama wenye watoto mashuleni. Hutokea mtoto akarudi likizo na agizo la mwalimu wake kwamba aandike insha ya utafiti. Baba hulitazama agizo hilo, mama hulitazama, na wote wawili husema kuwa hayo ni mambo ya wenye elimu. Sisi twasema sivyo. Kutafiti ni kazi ya kila mwananchi, na leo twapenda kueleza jinsi inavyopangwa, tukichukua mfano kutoka milima ya Usambara.

Kifungilo iko katika Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga, juu kwenye baridi ya Usambara ya Magharibi. Pana shule ya sekondari ya wasichana inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Tuseme mwanafunzi wa hapo ametakiwa kuandika insha juu ya kilimo. Asipofikiri sana atachagua kichwa hiki: "Kilimo katika Usambara." Hapo atakuwa amekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Ndani ya kichwa hicho mna chai, viazi, kabichi, matunda, misitu, mvua, barabara ya Mombo na soko la Dar es Salaam. Atajaza kurasa ishirini wala hatajibu lolote, kwa kuwa hakuuliza lolote.

Jambo la kwanza, basi, ni kupata swali. Swali jema ni dogo, tena jibu lake laweza kufikiwa kwa muda aliopewa mwanafunzi na kwa miguu yake mwenyewe. Kwa mfano: kwa nini mkulima mmoja wa mtelemko huu amelima matuta ya kuzuia maji, na jirani yake hakulima?

Swali hilo laonekana dogo, lakini watu wa milima hiyo waliwahi kuteseka kwa sababu halikuulizwa. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, katika wilaya hiyo hiyo, na baadaye ikaueneza katika sehemu nyingine za Usambara. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, hilo hatulikatai. Lakini wakubwa walikuwa na jibu mkononi kabla ya kuuliza. Watu waliamriwa kulima matuta, na asiyetii aliadhibiwa. Haikuulizwa nani angeyalima, na mzigo ukawaangukia hasa wanawake, ambao tayari walikuwa na kazi tele. Wala haikuulizwa wakulima walikuwa na hofu gani. Kumbe wengi walihofu kwamba ardhi yao ingechukuliwa. Wananchi walikataa, TANU ikapata nguvu katika upinzani huo, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ukaachwa. Udongo ulioteremka na mvua haukurudi.

Twayajuaje hayo? Kwa sababu wako watu waliokwenda kuuliza. Mwanahistoria wa Kimarekani, Steven Feierman, alikaa na Washambaa, akawasikiliza wazee, akalinganisha maneno yao na nyaraka za serikali, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu ya fikira za wakulima hao. Wala kazi hiyo haikuanzwa na wageni. Zamani zaidi, Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyekaa karibu na watawala wa milima hiyo, alikusanya masimulizi yao akaandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi. Aliyapanga kwa utaratibu, akianza na Mbegha mwindaji aliyetoka Ngulu, kisha akashuka mtawala baada ya mtawala. Kitabu hicho kilichapwa upya mwaka 1962 na hata leo watafiti hawawezi kukipita. Mwandishi wake hakupita chuo kikuu chochote. Alikuwa na sikio, kalamu na mpango.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Akisha kupata swali, na agawe siku zake. Tuseme amepewa wiki nne. Wiki ya kwanza asome yaliyokwisha kuandikwa, asije akajisumbua kutafuta kilichokwisha kupatikana. Wiki ya pili atembee na kuuliza. Wiki ya tatu apange aliyoyapata. Wiki ya nne aandike, apumzike siku moja, kisha aandike upya. Anayeahirisha yote hadi wiki ya nne atalazimika kubuni au kuiba.

Katika kuuliza pana adabu yake. Asiende wakati watu wameinama shambani wakivuna viazi. Aamkie wakubwa, aeleze ametumwa na nani na kwa kazi gani, na aombe ruhusa ya kuandika. Asitosheke na mwenyekiti wa kijiji peke yake. Amwulize na mama mwenye jembe, maana ndiye ajuaye uzito wake. Katika daftari atenge mambo matatu: aliyoyaona kwa macho, aliyoambiwa, na anayoyadhani yeye mwenyewe. Mengi yaharibikayo katika ripoti, hata za watu wazima, huharibika kwa kuchanganya hayo matatu.

Akisha kukusanya, aandike jibu la swali lake kwa sentensi moja tu. Ikiwa hawezi, hajalipata jibu, na arudi kuuliza tena. Ikiwa aweza, sentensi hiyo iwe kama mwamba wa nyumba. Insha ianze na swali na sababu ya kuliuliza, ifuate njia aliyoitumia, kisha aliyoyakuta, kisha maana yake, na mwisho jibu. Lolote lisiloshikana na mwamba huo alitoe, hata kama limempendeza. Lakini lile linalopingana na jibu lake asilifiche. Kama wakulima wanne wamesema hivi na wa tano amesema vile, huyo wa tano aandikwe.

Liko jambo jingine la siku hizi. Mwanafunzi aweza kuiamuru simu imwandikie insha nzima kwa dakika chache, na itakuja imenyooka, haina kosa la herufi. Lakini simu haikupanda mtelemko wa Kifungilo, wala haikusikia alichosema yule mama. Kuchukua maneno ya mwingine, yawe ya kitabu au ya mashine, ukayatia jina lako, ni wizi kama wizi wa mahindi shambani. Mwenye maneno na atajwe.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, miongoni mwa mambo aliyotaka shule zijenge ni akili ya kudadisi. Hakutaka watoto wakaririo, bali watu wawezao kujifunza kwa wenzao na kupima wenyewe lifaalo na lisilofaa. Insha ya utafiti ni shamba dogo la kufanyia mazoezi hayo.

Nasi wanachama tusidhani kuwa somo hili ni la watoto tu. Ni mara ngapi tumesimama katika mkutano wa tawi tukasema "wananchi wanataka" hali hatujamwuliza mwananchi hata mmoja? Ni mara ngapi chama cha wafanyakazi kimepeleka dai kwa mwajiri bila hesabu iliyoandikwa, likakataliwa asubuhi hiyo hiyo? Swali dogo, daftari safi na mpango wa siku hufaa kiwandani na tawini kama vifaavyo darasani.

Wazazi, mtoto akija na agizo la mwalimu, msimwandikie wala msimfukuze. Mwulizeni: swali lako ni lipi, na utakwenda kwa nani? Na insha ikimalizika, irudi mtelemkoni ikasomwe kwa sauti mbele ya wale waliotoa majibu, wapate kusahihisha palipokosewa. Msichana anayeuliza leo huko Kifungilo huenda kesho akawa afisa kilimo wa wilaya. Siku hiyo wakulima watatambua mara moja kama alifundishwa kuuliza au alifundishwa kuamuru.