Pikipiki mbili za cc 399: Ipi inamfaa mwenye leseni mpya?

Na Mwandishi Wetu

KAMPUNI ya Kawasaki ya Japan imetengeneza pikipiki mbili zenye umbo la mashindano, ambazo kila moja ina injini ya cc 399. Zikiegeshwa pamoja, zote zikiwa za rangi ya kijani, mtu asiye mjuzi anaweza asitambue ipi ni ipi.

Hata hivyo, Ninja 400 iliyoingia sokoni mwaka 2018 hutoa nguvu ya kilowati 33.4 katika toleo lake la Ulaya, wakati Ninja ZX-4RR iliyotoka mwaka 2023 hutoa kilowati 57. Injini ni za ukubwa uleule, lakini moja inaizidi nyingine nguvu kwa takriban asilimia 70.

Kwa dereva mzoefu, hilo ni suala la kuchagua anachokipenda. Kwa kijana aliyekabidhiwa leseni wiki iliyopita, tofauti hiyo inaweza kuamua iwapo kosa dogo litamfundisha au litampeleka hospitali.

Utafiti ulioongozwa na Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, na kutolewa mwaka 1981, ulichunguza kwa kina ajali za pikipiki zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles. Ulibaini kuwa zaidi ya nusu ya madereva hao walikuwa wameitumia pikipiki waliyopata nayo ajali kwa muda usiofikia miezi mitano, ingawa uzoefu wao wa jumla barabarani ulikaribia miaka mitatu.

Maana yake ni kwamba hatari haimkabili tu yule asiyejua kuendesha. Inamkabili pia yule anayejua, lakini hajakijua chombo alichokipanda.

Swali linalofuata ni namna ya kupima chombo kinachomfaa mgeni. Japan na nchi za Ulaya zimelijibu swali hilo kwa njia mbili tofauti.

Japan hupima ukubwa wa injini. Tangu mwaka 1975 leseni ya daraja la kati nchini humo imekuwa na ukomo wa cc 400, na mtu anaweza kuipata akiwa na umri wa miaka 16. Kwa kipimo hicho, Ninja 400 na ZX-4RR ziko katika kundi moja. Sheria ya huko inamlinda mgeni kwa njia nyingine pia: haruhusiwi kubeba abiria katika mwaka wake wa kwanza.

Umoja wa Ulaya hupima nguvu na uzito. Kwa mujibu wa utaratibu ulioanza kutumika Januari 2013, mwenye leseni ya daraja A2 haruhusiwi kuendesha pikipiki inayozidi kilowati 35, wala inayozidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Anaweza kutumia pikipiki kubwa zaidi iliyopunguzwa nguvu, ilimradi nguvu yake ya asili haikuzidi mara mbili ya ile iliyobakizwa.

Baada ya miaka miwili ndipo anaweza kuomba daraja A, lisilo na ukomo wa nguvu. Uingereza, ambayo imebaki na madaraja hayo hata baada ya kujitoa katika Umoja huo, hutoa A2 kwa wenye umri wa miaka 19 na kuendelea.

Hesabu ya Ninja 400 si ngumu. Ina uzito wa kilo 168 ikiwa na mafuta na breki za ABS. Ukigawanya kilowati 33.4 kwa kilo 168 unapata 0.199, yaani imepita chini ya mpaka kwa tofauti ndogo mno. ZX-4RR yenye kilo 189 inapata 0.30, hivyo mwenye A2 hawezi kuiendesha bila kwanza kupunguzwa nguvu.

Yamaha YZF-R6 ya cc 599, ambayo vijana wengi huitamani kwa sura yake, ilikuwa na takriban kilowati 87 katika toleo lake la mwisho la barabarani barani Ulaya. Nguvu hizo zimezidi kilowati 70, kwa hiyo hata kuipunguza hakumsaidii mwenye A2.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, kipimo cha karibu ni bodaboda. Bajaj Boxer ya cc 150 hutoa takriban kilowati 9. Aliyejifunzia pikipiki ya aina hiyo, kisha akapanda Ninja 400, ameongeza nguvu karibu mara nne. Akipanda ZX-4RR, ameongeza zaidi ya mara sita.

Lakini nguvu ya juu ni sehemu tu ya maelezo, kwani muhimu pia ni namna nguvu hiyo inavyokuja. Injini ya Ninja 400 ina silinda mbili, na msukumo wake hufikia kilele ikizunguka mara 8,000 kwa dakika. Kwa hiyo mwendeshaji hupata nguvu ya kutosha katika mizunguko ya kawaida, na huongezeka taratibu kadiri anavyofungua mafuta.

ZX-4RR ina silinda nne ndogo, na kilele cha msukumo wake kiko kwenye mizunguko 13,000. Katika foleni za mjini huonekana mpole. Ikifika mizunguko ya juu, hubadilika na kukimbia kwa kasi ambayo mgeni hakuitarajia. Ni kweli kwamba ina mitambo ya kielektroniki ya kupunguza nguvu na kuzuia gurudumu la nyuma kuserereka, lakini mitambo hiyo haimfundishi mtu kupima kona.

Ninja 400 ina mambo mengine yanayomfaa mgeni. Kiti chake kipo kimo cha milimita 785, hivyo watu wengi hufikisha miguu chini wanaposimama. Klachi yake ni nyepesi, na imeundwa ili kupunguza mshtuko wa gurudumu la nyuma pale mtu anaporudisha gia kwa pupa.

Kuhusu breki, utafiti wa Hurt ulionyesha kuwa wengi walipokabiliwa na hatari walikandamiza mno breki ya nyuma hadi gurudumu likaserereka, huku wakiitumia kidogo ile ya mbele ambayo ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Ndiyo sababu ABS si anasa. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa ya lazima kwa pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125 kuanzia mwaka 2017.

Ninja 400 haikosi kasoro. Ina diski moja tu mbele, na shokapu zake za mbele haziwezi kurekebishwa. Aidha, kava zake za plastiki hupasuka kwa urahisi pikipiki inapoanguka, na mgeni hana budi kutarajia kuiangusha walau mara moja, hata kama ni wakati wa kuegesha.

Kuanzia toleo la mwaka 2024, Kawasaki iliweka Ninja 500 yenye cc 451 mahali pake katika masoko ya Ulaya na Marekani. Nguvu za toleo la Ulaya zilibaki kilowati 33.4, kwa kuwa mpaka wa A2 haukubadilika. Hivyo anayetaka Ninja 400 katika masoko hayo atalazimika kutafuta iliyokwisha tumika.

Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika aangalie ncha za usukani na vikanyagio. Mikwaruzo mahali hapo ni dalili kwamba iliwahi kuanguka. Taa ya ABS inapaswa kuwaka swichi inapofunguliwa, kisha kuzimika baada ya pikipiki kuanza kutembea. Tarakimu nne za mwisho za alama ya utengenezaji ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hupoteza mshiko hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Mwisho, aisukume injini ikiwa imezimwa, aigeuze katika nafasi finyu, kisha aikalie na kukanyaga chini kwa miguu yote miwili. Ikimlemea ikiwa imesimama, haitakuwa nyepesi atakapolazimika kufunga breki ghafla mbele ya gari lililokata kona bila kumwona.

Kwa mwenye leseni mpya, basi, swali la kwanza dukani lisiwe "ni cc ngapi?" Aulize kilowati, kilo na aina ya breki. Namba 399 iliyoandikwa kwenye kadi haiwezi kumjibu hayo.